Maji ya Dukani Juu ya Kaburi Lako

Shangazi,

Ijumaa baada ya Alasiri nilikuja kukuzuru. Nilikusalimu, nikang'oa magugu upande wa miguuni, nikasoma nilichojaliwa kusoma. Kisha nikafungua chupa ya maji ya dukani, nikakumwagia. Wewe, uliyechimba kisima ukakiweka wakfu kwa kila mpita njia, nimekumwagia maji ya dukani. Chupa tupu niliisukumiza ndani ya mkoba haraka haraka, nisijue namficha nani.

Kisima chako kimeingia chumvi. Aliyekitia chumvi ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengi yametokea baada yako. Uangalizi wa kisima ulibaki kwangu, kama ulivyotaka. Baadaye sisi wakulima wa mboga wa njia ya Mbegani tukapewa mtambo mdogo wa kutengeneza mbolea. Ungeuona ungecheka. Hauna moshi, hauli mafuta wala gesi. Paneli zinatoa umeme juani. Umeme unayapasua maji na kutoa hidrojeni. Nitrojeni tunaivuta kwenye hewa hii hii tunayopumua. Vikikutanishwa kwa joto na mgandamizo inatoka amonia, na tukiiyeyusha ndani ya maji, hiyo ndiyo mbolea. Unakumbuka tulivyokuwa tukingoja mbolea ya meli mpaka mvua inapita, nawe umekaa kizingitini unasema, "Hii mbolea inakuja kuhani msiba"?

Sasa inapatikana hapa hapa, na mimi niliyeishia kidato cha nne ndiye niliyefundishwa kuuendesha mtambo. Watu wakaanza kuniita fundi. Nililipenda jina hilo, Shangazi. Nililipenda kupita kiasi.

Mtambo unataka maji matamu. Ya kupasuliwa si mengi. Yanayokwenda mengi ni yale yanayomwagika wakati wa kuchuja na ya kupozea mashine. Kwenye mkutano, mwenyekiti wetu, Mzee Shomari, akaniuliza kama wakfu wako unaruhusu pampu. Nikasimama mbele ya watu nikasema, "Marehemu angefurahi." Wote wakakuombea rehema.

Nami nilijua. Nilikuwepo siku yule mwenye nyumba ya wageni alipokuja kuomba aweke pampu ya kumwagilia bustani yake. Nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Ulimwambia, "Kuteka teka, baba, wewe na wageni wako wote. Lakini kwa mkono. Mkono ukichoka, na kisima changu kipumzike." Alipoondoka ukaniambia kwamba bahari iko hapa chini ya miguu yetu, inangoja nafasi tu.

Pampu ya jua haichoki. Iliamka na jua na kulala na jua kiangazi chote. Kwanza sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha chai ikaharibika. Bi Tatu, jirani yako, hakunigombeza. Aliniita mlangoni kwake akaniambia, "Mwanangu, siku hizi mchuzi hatuutii chumvi. Tunateka tu." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda zangu, nikawasha pampu.

Hapo ndipo panaponichoma. Unajua naandika shajara yangu kila siku, hata mboga niliyopika naiandika. Siku ile niliandika hali ya hewa peke yake.

Kina mama sasa wanavuka barabara ya lami kufuata maji. Kila ndoo isiyotekwa kwako ni thawabu niliyokukatia, wewe ambaye huwezi tena kujiongezea kwa mkono wako. Amonia ni kali, inatoa machozi hata kwa mbali. Kwa hiyo kazini nimelia mara nyingi na hakuna aliyeniuliza kitu.

Siku mbili baada ya kutoka kaburini kwako niliomba mkutano. Niliwaambia yote, pamoja na habari ya mwenye nyumba ya wageni. Mzee Shomari akauliza, "Kwa hiyo marehemu alikataa, nawe ulijua?" Nikasema ndiyo. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Pampu tumeing'oa. Chini ya paneli tunafunga mifereji ya kukinga mvua iingie kwenye tangi, ili mtambo unywe maji yake wenyewe. Lakini utalala mpaka masika, na bamia za watu zitakosa mbolea kwa sababu yangu. Ufunguo wa mtambo nimeurudisha. Mtaalamu wa maji alikuja akaonja, akasema kisima kinaweza kurudi ardhi ikishiba mvua, na kinaweza kisirudi. Hakutaka kuniongopea.

Kila asubuhi nateka ndoo moja kwa mkono. Naonja, natema. Leo pia nimetema.

Mwenyezi Mungu akutilie nuru hapo ulipo, Shangazi. Msamaha siuombi kwa karatasi. Ninachoahidi ni hiki: sitasema tena kwa kinywa chako. Na sitakuja tena na maji ya dukani. Nitakuja na ndoo ya maji ya kisima chako, nitakumwagia, na nitakwambia kwa sauti yana ladha gani, hata kama bado ni chumvi.

Wako,
Zuhura