Tofali Jeusi Chini ya Godoro

Chumba Na. 6,
Nyumba ya Fundi Cherehani,
14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Hujambo? Goti lako linaendeleaje na zile ngazi? Mimi mwili mzima, homa imeniacha, ila roho inafoka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nisipokuandikia wewe nitamwandikia mtu matusi.

Unakumbuka kazi yangu ya maabara, uliyoiita kupika mishumaa? Ni kweli napika nta. Nta ikiyeyuka hunywa joto, ikiganda hulirudisha. Tunatengeneza matofali ya kuwekwa chini ya magodoro ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, ili umeme ukikatika wodini wasipoe. Tatizo, nta peke yake ni bahili: ganda la nje huganda kwanza, likalifungia joto ndani. Ndiyo maana naichanganya na unga wa grafiti, ule weusi wa penseli, unaolipitisha joto hadi nje. Miaka miwili, Shangazi! Michanganyiko kumi na tisa, mpaka nikapata mmoja usiovuja wala kuchelewa.

Basi nikiwa kitandani na homa, bosi wetu, tunayemwita Bwana Pasi kwa jinsi suruali zake zinavyonyooka, akaagiza matofali ya majaribio yamiminwe bila grafiti. Eti wageni wanakuja, na vitu vyeusi kwenye shuka nyeupe ni aibu. Aibu! Hakumuuliza mtu.

Umeme ukakatika kweli. Kwa robo saa matofali yalitoa joto, kisha ukiyagusa ni baridi. Muuguzi mkuu akawakimbiza watoto vifuani mwa mama zao. Wote walinusurika, namshukuru Mungu.

Sasa sikia ujeuri. Niliporudi kazini nilikuta ripoti mezani: muundo wangu umeshindwa, mradi ufungwe, bado sahihi yangu tu. Nitie sahihi kwenye uongo, wodi ibaki bila kitu, yeye abaki amenyooka! Nilikataa. Akasema nina kichwa kigumu. Hicho nimekirithi kwako, wala sioni haya.

Jana kamati ya mradi ilikaa, na muuguzi mkuu akaitwa. Bwana Pasi alizungumza mpaka mate yakamkauka. Mimi sikuwa na hotuba. Asubuhi nilikuwa nimeliyeyusha tofali lake jeupe, nikaliacha lipoe mpaka likawa gumu kwa nje. Nikampa kila mtu aliguse. Baridi, wakasema. Nikachukua msumeno, nikalikata katikati juu ya ile ripoti. Nta ya vuguvugu ikamwagika mezani hadi kwenye suruali yake. Joto lilikuwamo humo muda wote, Shangazi, upana wa kidole tu kutoka kwa wale watoto.

Hakuna aliyeniomba radhi, na yeye bado ni bosi. Hilo linaniuma mpaka sasa. Lakini muuguzi mkuu alisimama, akajifuta vidole, akasema, "Nileteeni yale meusi. Shuka nitafua mwenyewe."

Kesho asubuhi napeleka kumi.

Nisalimie Babu Redio, binamu yangu fundi bomba na mapacha wake. Mungu akutunze na akuzidishie siku.

Akupendaye, pamoja na hasira zake zote,

Binti wa kaka yako