Mvulana Asiyechorwa Uso

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi: nimemwandikia Mama Karimi ombi kwa chifu kuhusu mfereji wa maji uliokatwa. Limekamilika, bila doa. Hapa Mikinduri wananiita Karani, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kuniajiri. Kiswahili sanifu nilijifundisha mwenyewe.

Jioni binti yangu Kinya alikuwa tena sebuleni na rafiki yake Rukia, wakitazama filamu ile ile ya katuni. Watu wazima wawili. Kinya anafundisha chekechea ya kanisa. Rukia anasimamia magari ya miraa ya baba yake kule Maua. Nilipoingia walinyamaza.

Sikupendezwa na ukimya ule.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeitazama filamu peke yangu, Kinya akiwa kazini. Msichana wa shule anashindana kwa baiskeli na kumpenda mvulana wa mji jirani. Ndivyo inavyodai. Lakini mwandishi wa malalamiko hujifunza haya: mlalamikaji husema amekuja kwa jambo moja, kisha hurudia jingine. Lile la pili ndilo lililomleta.

Kila msichana anapomtaja mvulana, tunaonyeshwa rafiki yake wa kike akitengeneza mnyororo wa baiskeli, mikono imejaa grisi, akisikiliza. Mvulana huonekana kwa mgongo. Uso wake ni vistari vitatu. Rafiki amechorwa hadi unywele uliolowa mvua. Mwishoni msichana anashinda, anampita mvulana kana kwamba ni nguzo, anamkimbilia yule rafiki. Picha inageukia milima.

Kwa nini igeuke? Ilikuwa inaficha nini?

Na kwa nini Kinya ameitazama mara nyingi hivyo?

Ijumaa, 5 Septemba

Mzee Mutuma wa kanisa amekuja. Anataka malalamiko rasmi kwa kamati. Kuna mtu aliyewaonyesha vijana wa kanisa filamu chafu, atajwe, aondolewe. Ni filamu ile ile. Hajui kwamba aliyeionyesha ni Kinya.

"Karani, msichana na kijana wanabebana kwa baiskeli moja! Kabla ya harusi! Sasa hiyo tunafunza watoto nini?"

Nikamuuliza, kwa uangalifu, ana maoni gani kuhusu yule rafiki.

"Nani? Ule wa spana? Huyo ndiye mzuri! Mchapakazi, haongei ovyo. Wasichana wetu wote wangekuwa kama huyo, tungelala usingizi."

Nilitazama meza. Basi ni mimi pekee niliyeona anayependwa pale ni nani. Sentensi moja ya kalamu yangu, na kanisa zima litaona pia. Kinya atapoteza kazi. Rukia atafukuzwa mji huu kwa matusi, pengine kwa mawe. Na labda, nikajisemea, binti yangu atakuwa salama.

Mutuma anataka karatasi yake Jumapili.

Jumamosi, 6 Septemba

Rukia amekuja mchana. Ameniletea mzigo wa miraa: mashina mekundu yaliyochaguliwa moja moja, yamefungwa kwa majani mabichi ya mgomba, kamba imezungushwa vizuri. Aliuweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Baba Kinya, ni zawadi yako. Usiiache inyauke."

Huo ni ncoolo. Ndio mzigo wa posa ambao washenga wa kwetu humletea baba wa msichana. Akiufungua, mazungumzo yameanza. Akiuacha ukauke, wamekataliwa, na hakuna anayelazimika kusema neno.

Je, alijua? Amezaliwa katikati ya miraa; hawezi kutojua. Au ni adabu tu ya mgeni? Nilimtazama Kinya. Alikuwa amenyanyua vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Alijua. Wote wawili walijua.

Sikuugusa. Nina hasira. Wameniwekea mtego mezani pangu, kwa heshima zote.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada Mutuma alinyoosha mkono. Nikamwambia malalamiko hayawezi kusimama: mvulana na msichana wamepanda baiskeli, basi. Kamati ingetucheka.

"Umeitazama yote, Karani?"

"Yote."

"Na hukuona kitu?"

"Kuhusu mvulana huyo, hakuna kitu cha kuona."

Akaondoka akinung'unika kwamba hata mimi nimezeeka. Kila neno nililomjibu lilikuwa kweli. Nililichagua hivyo makusudi.

Nyumbani, majani ya mgomba yalikuwa yameanza kujikunja ukingoni. Kinya alisimama mlangoni, viatu vya kanisani mkononi. Hakuniomba lolote. Alikuwa na sura ya watu wanaosubiri kwenye benchi langu, wale ambao wameshajua watajibiwa nini.

Bado nina hofu. Sielewi mengi. Sijui neno sanifu la kumwita Rukia katika nyumba hii. Nilikata kamba. Nikatafuna shina moja. Laini, la daraja la kwanza.

Kinya alilia kwa sauti, kama mtoto. Nikamsogezea kiti.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua ndogo. Maombi mawili, yote ya mipaka ya shamba.

Rukia alikuja jioni. Nilimuuliza habari za barabara ya Maua. Alisema imeharibika karibu na daraja. Tulizungumza kuhusu daraja kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Kisha akaniuliza, kwa woga, maoni yangu kuhusu ile filamu.

Nikasema mvulana yule amechorwa vibaya.

Walicheka hadi Kinya akalazimika kutoka nje. Mimi nilimimina chai, vikombe vitatu.