Nguzo Zilizochipua

Makere, Jumanne, 18 Novemba 1975

Nani alinituma kushika panga? Nguzo za uzio wa choo cha shule nilizikata mwenyewe kwenye mti mmoja wa jirani, kwa hasira, baada ya wasichana wa darasa la sita kukataa kuugusa. Walisema ule ni mti wa Kiranga, pepo mkubwa wa Waha. Mimi, mwalimu mgeni kutoka Upare, nikawajibu kwamba mti ni mti.

Mvua zimeanza. Nguzo zote zimechipua.

Leo amekuja Bibi Nyamwiza, mwenye mti. Kiranga akimpanda huyu, wanaume humpigia magoti, hata mwenyekiti wa kijiji ambaye mkutanoni huyaita mambo hayo ushenzi. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake ajuza yule akapiga magoti matopeni, mbele yangu, wanafunzi wakitazama.

"Inuka, Bibi, tafadhali," nikasema.

"Mti umeukubali mkono wako, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Utautunza wewe."

Mwalimu mkuu aliyaona yote dirishani. Ameagiza nguzo zikatwe kesho asubuhi, tena nizikate mimi, mbele ya shule nzima.

Naogopa kufukuzwa kazi. Naogopa na kingine, ila sijui…

Mama yangu Mlutheri angenicheka. Bibi yangu asingecheka; alikuwa akivua viatu kila alipopita kando ya msitu wetu wa matambiko.

Jioni, shule ilipobaki tupu, nililitumbukiza panga chooni.