Miche Uliyoisalimia

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kukuarifu jambo ambalo adabu ilidai nikuulize kwanza. Wiki iliyopita, katika mkutano wa wakulima wa msituni, mbele ya mkuu wa kituo changu na majirani zako wa zamani, nilikutaja kwa jina na kueleza ulichokuwa ukiifanyia miche ya serikali. Hukuwapo kujitetea. Nimeona ni haki upate maelezo kutoka kwangu mwenyewe, kwa utaratibu wake, kabla hayajakufikia kwa njia nyingine, kama zipo njia za aina hiyo huko uliko.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu uliondoka nikiwa bado chuoni. Mimi sasa ni msaidizi wa afisa wa misitu katika vilima vilivyo juu ya Elburgon. Napima unene wa saiprasi zilizokomaa, natia rangi shina la kila mti utakaoangushwa, nasimamia misumeno ya mashine, na kuhakikisha kwamba lori linaloshuka na magogo halijabeba mti ambao sikuutia rangi. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha miti ya asili mahali ambapo haikupaswa kuondolewa, hasa kandokando ya vijito. Nusu hii ya pili ndiyo ninayotaka kujulikana kwayo. Sioni aibu kukiri kwamba natamani kupanda cheo, nawe hukunilea niione aibu hiyo.

Nilipoulizwa ningependa kusimamia eneo gani, nilichagua lile la kijito cha chini, nikatoa sababu za kitaalamu: mteremko, aina ya udongo, chemchemi inayonywesha vijiji vya bondeni. Sababu zote zilikuwa za kweli. Sikutaja kwamba ndipo ulipolima.

Wewe huhitaji kuelezwa utaratibu wa shamba la msituni, ila barua hii itasomwa pia na watu ambao hawakukulia huku. Miti ikishavunwa, idara humgawia mkulima kipande cha ardhi. Anapanda viazi na maharagwe, na katikati ya mistari yake anapanda miche ya idara na kuipalilia. Miche inapokua na kuanza kuyatia mazao kivuli, mkulima anaondoka, anagawiwa kipande kingine kilichovunwa, au hagawiwi. Kwa maneno mengine, mkulima anautunza vizuri mti ambao ndio utakaomfukuza.

Ulikuwa na kipimo chako. "Ukinifika kiunoni, tuna msimu mmoja," ulikuwa ukisema, ukisimama ubavuni mwa mche mkono ukiwa kiunoni kama anayepimiwa rinda. "Ukinifika begani, tufunge virago." Nakumbuka nilivyolia siku niliyogundua kwamba mche mmoja umenipita kimo. Niliamini tungefukuzwa jioni ileile kwa sababu yangu. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tuta. "Wewe si kipimo, Kadogo. Kipimo ni mimi. Na mimi bado nimesimama."

Mwaka uliofuata miti ilikufika begani, na kipande kingine hakikuwa kimefunguliwa. Sikulielewa hilo wakati huo. Nilichokielewa ni kwamba ulianza kupalilia polepole kuliko kawaida katika kona ya juu, ile ambayo miche yake ilichelewa kupandwa na ilikuwa bado midogo. Ulichuchumaa, ukaweka jembe chini, ukashika mche shinani kwa vidole viwili, ukauvuta juu kidogo tu, taratibu, mpaka pakasikika sauti ndogo kama ya uzi unaokatika kwenye pindo. Kisha ukaurudishia udongo kwa kidole gumba na kuendelea na mwingine. Ulifanya hivyo mchana kweupe, ukiimba wimbo wa kwaya.

"Mama, unafanya nini?"

"Nausalimia."

"Kwa nini?"

"Wewe ukikutana na mtu si unamsalimia?" Halafu, bila kuniangalia: "Na hii haisemwi shuleni."

Sikuisema shuleni. Miche uliyoisalimia ilibaki kijani kwa siku kadhaa, ikageuka manjano kuanzia nchani, ikakauka. Afisa wa wakati huo alipita, akatazama, akasema ni sakitu, ile baridi ya alfajiri inayounguza majani katika miinuko yetu. Aliagiza kona ile ipandwe upya. Tukapata msimu mwingine wa viazi, na nikapata mwaka mwingine wa shule. Miche ya pili ilizidiwa na kivuli cha wenzake waliotangulia, ikafa kweli, bila kusalimiwa na mtu.

Wakati wa kukuzika, kiongozi wa kanisa alisimama na kusema kwamba mche uliopandwa na mikono yako haujawahi kukauka. Watu waliitikia. Niliitikia nao.

Saiprasi zako zimevunwa, Mama. Si mimi niliyezitia rangi. Zilianguka kabla sijaajiriwa. Nilipofika katika eneo hilo kwa mara ya kwanza nikiwa na sare, nilivikuta visiki vimenyooka kama ile kamba ya mafundo uliyopimia mistari. Na katika kona ya juu, pakubwa kuliko nilivyokumbuka, hapakuwa na kisiki hata kimoja. Mkuu wa kituo, mtu mpole anayependa kueleza, aliniambia, "Hapo sakitu ilipiga, zamani." Hayo ndiyo aliyoambiwa na aliyemtangulia. Nilijibu, "Ndiyo, afande."

Tulipanda mitarakwa na mizeituni ya mwitu, miti ya asili ya huku. Miche ilitoka katika kitalu cha kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Nduta, yule aliyekuwa akiimba sauti ya pili ubavuni mwako. Kitalu hicho ndicho chanzo chao pekee cha kipato cha uhakika. Wakulima waligawiwa vipande katikati ya miche kama kawaida, na Mama Chelagat alipata sehemu inayoizunguka kona yako. Ndiye aliyenilaza nyumbani kwake na kunilisha ulipokuwa umelazwa Nakuru, kwa hivyo nilifurahi kumwona pale.

Baada ya palizi ya pili, miche ilianza kufa kwa mafungu. Mkuu aliikagua na kutoa uamuzi: "Miche ya hawa akina mama ni laini. Msimu ujao tutafute kitalu kingine." Niling'oa mmoja uliokauka. Mizizi midogo ilikuwa imekatika yote kwa usawa mmoja, na udongo wa shinani ulikuwa na alama ya kidole gumba.

Nilimwendea Mama Chelagat kwanza, nikidhani jambo hilo lingemalizika kati yetu.

"Karibu, Foresta. Ama siku hizi unaitwa madam?"

"Niite ulivyoniita, Mama."

"Haya, Kadogo. Kaa hapo kwa gunia, lakini usikalie viazi yangu."

Nilikaa. Nilimuuliza miche imekufaje.

"Jua. Kwani huko ofisini hamna jua?"

"Jua limechagua mistari yako na ya wenzako wachache tu?"

"Jua iko na macho." Alicheka, kisha akaacha. "Kadogo, hiyo ploti ingine mnasema itafunguliwa, iko wapi? Kila mkutano ni itafunguliwa, itafunguliwa. Hii miti ikinifika hapa," akajigusa bega, "mimi niende wapi? Niingie kwa sufuria nikae na viazi?"

Nilimwambia kwamba Nduta na wenzake watapoteza kitalu. Alitazama kando. "Nduta ni mtu mzuri," alisema.

Mkutano ulifanyika uwanjani mwa kituo, karibu na rundo la magogo. Mkuu alitangaza uamuzi wake kuhusu miche. Nduta alisimama, khanga yake ikiwa imefungwa kiunoni kwa hasira. "Afande, miche yetu ilitoka kitaluni ikiwa na nguvu. Ulikuja ukaiona. Ukasema ni kama watoto wa boarding." Watu walicheka kidogo. Wakulima walitazama viatu vyao.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza kama mtaalamu, na nilianza hivyo. Nilisema kwamba miche haikufa kwa jua wala kwa udhaifu wa kitalu. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa kuvutwa.

"Ati kuvutwa? Na nani? Nyani?" alisema mzee mmoja nyuma, na kelele zikazuka. Mkuu alinigeukia uso ukiuliza kama nina hakika.

Ndipo Mama Chelagat aliposema, wala hakupaza sauti, "Hiyo ulisoma kwa kitabu gani, Foresta?"

Nilimwelewa. Alinifungulia mlango wa kutokea. Ningeweza kusema ni dhana tu, inayohitaji uchunguzi zaidi. Lugha yetu ya ofisini ina vyumba vingi vya kujifichia. Lakini Nduta alikuwa bado amesimama. Kama ningetoka kupitia mlango ule, ni yeye ambaye angebaki ndani.

"Sikuisoma," nilisema. "Nilimwona mama yangu akiifanya, katika shamba hilohilo. Kona isiyo na visiki ni kazi ya mikono yake. Tulikula viazi vya kona ile mwaka mzima, na mimi nikaenda shule."

Kisha nikataja jina lako kamili, ili pasiwe na shaka.

Walikuwapo pale watu waliokuwa wamelibeba jeneza lako. Mmoja wao alitikisa kichwa kama aliyesikia mwizi akitajwa kanisani. Nilitazama mbele, mikono nyuma, jinsi tulivyofundishwa kusimama tukiwa na sare, na sikuona sura ya mtu yeyote.

Aliyezungumza kwanza ni Mama Chelagat. Aliinuka kwa shida, magoti yake hayamtii siku hizi. "Msimwangalie mtoto hivyo," alisema. "Si mama yake peke yake. Mimi ndiye nilimwonyesha. Yeye alikuwa anaogopa, mpaka nikamshika mkono nikamwambia, hivi, polepole. Na hii ya sasa ni mimi pia. Si jua." Akageuka nyuma. "Na wewe Mzee wa nyani, nawe unajua."

Mkuu alivua kofia yake, akaikagua kwa muda kana kwamba jibu limeshonwa ndani. "Kwa hivyo hata sakitu ilisingiziwa?" alisema. Wote wakacheka, hata Nduta, aliyekuwa akilia.

Nakupa matokeo kama yalivyo. Kikundi cha Nduta kinabaki na kitalu chao. Waliovuta miche watavuna viazi vilivyo ardhini, watapanda upya kwa mikono yao, na wakimaliza palizi ya kwanza wataondoka. Hakuna msimu wa ziada. Ni ukingo wa kijito, lazima urudishiwe miti yake, na nilisimama na uamuzi huo. Niliomba pia kwamba kuanzia sasa kipande kipya kifunguliwe kabla miti haijamfika mkulima kiunoni. Mkuu hakukubali wala kukataa. Aliuliza, "Kiuno cha nani?" Nikasema, cha mama yangu. Nitaendelea kuomba.

Kaka alinipigia simu kutoka Mai Mahiu, alikokuwa akitengeneza lori la mtu. Habari zilikuwa zimemfikia kabla sijavua viatu. "Umemwanika mama kama nguo," alisema. "Ulimwomba ruhusa?" Nilimweleza kuhusu Nduta. Alisema Nduta yu hai, anaweza kujisemea, wewe huwezi. Hoja yake ni ya haki. Ninachoweza kusema ni kwamba niliposikia wewe uliogopa, na kwamba mtu alilazimika kukushika mkono, nilikujua zaidi kuliko siku ile ya mazishi tulipokuwa tukiitikia. Mche wako haukukauka wenyewe, Mama. Ulikuwa na mtoto wa kulisha. Nisingependa usifiwe kwa kingine.

Mama Chelagat haniiti Kadogo tena. Ni madam. Analitamka kwa heshima, na heshima hiyo inaniuma kuliko angenitukana.

Jana tulianza kupanda upya. Kona yako niliichukua mimi mwenyewe. Chuoni tulifundishwa kwamba mche ukishapandwa na udongo ukishakanyagwa kwa kisigino, unaushika shinani kwa vidole viwili na kuuvuta juu kidogo. Uking'oka, ulipandwa vibaya, unaurudia. Mwalimu alipotuonyesha, darasa zima liliiga mara moja. Mimi nilichelewa, akadhani sikuelewa.

Nilichuchumaa pasipo na kisiki, nikashika mtarakwa wa kwanza, nikauvuta taratibu, nikisikiliza.

Mama Chelagat alikuwa mstari wa pili, jembe begani, akinitazama.

"Mche umeshika, madam?"

"Umeshika, Mama."

Alitikisa kichwa kukubali, akainama kwenye mstari wake, akaufikia mche aliokuwa ameupanda, akaujaribu vivyo hivyo.

Pumzika, Mama. Kona yako imejaa.

Ni mimi, kitinda mimba wako, ambaye hakuwa kipimo,
Kadogo