Fundi Msasa, Jiwe Jeusi Lilikuwa Limeshatoka

Mwaka umetimia, Fundi Msasa, tangu ulipotoka karakana na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, ukasema, "Narudi sasa hivi," na hukurudi. Watu wanatuambia muda ni dawa. Sisi bado tuna hasira, na tumeona heri tukuambie mwenyewe kuliko kukusengenya.

Ulikuwa mtu mwema, hilo hatubishi. Ubao wa kuteleza juu ya mawimbi uliovunjika vipande viwili uliuunga, ukaupiga msasa siku tatu, na mwenye ubao alipokuja hakuona ulipovunjikia. Chai uliinywa imepoa, maana kila mara ulikuwa "unamalizia upande mmoja tu". Mama mkwe wako ulimwimbia kwenye simu mpaka akakata.

Lakini kule mwambani ulikuwa mkali. Hakuna aliyegusa maji kabla ya kukaa juu ya mawe nusu saa, akitazama mawimbi yanapovunjikia na mkondo unapotokea. Wimbi ni la aliye karibu zaidi na linapoanza kuvunjika. Wengine wasubiri, hata kama mbao zao ni za bei mbaya. Ukianguka, anguka kwa ubapa, mikono kichwani, usitafute chini kwa miguu. Na kubwa kuliko yote: maji yakishuka mpaka lile jiwe jeusi likatoa kichwa, kila mtu nje. Hapo maji juu ya mwamba hayafiki goti. Uliwafukuza vijana wenye misuli yao, ukamfukuza hata kaka yako wa damu, akanuna wiki nzima. Ulimwambia, "Bora uninunie ukiwa mzima."

Sasa tueleze siku ile. Alikuja mteja wako, Bwana wa Ubao wa Njano, kuujaribu ubao uliomtengenezea. Jiwe jeusi lilikuwa limeshatoka. Kaka yako alikuwa pale kwenye mawe, ndiye aliyetusimulia. Yule bwana alisema, "Fundi, wimbi moja tu, kesho nasafiri." Na wewe, uliyemfukuza ndugu yako, ukaona haya kumkatalia mgeni. Tena ukavua helmeti yako ukampa. Wimbi lilipokuja lilikuwa lako, umeshasimama juu yake, naye akaliingia mbele yako. Ukageuza ubao usimgonge. Ulikogeukia kulikuwa na mwamba mtupu.

Mganga hajigangi, tunajua. Ila mganga mwenye mke na watoto watatu angejaribu kidogo. Neno lenyewe lilikuwa "hapana", na sisi nyumbani ulituambia kila siku bila shida yoyote.

Mwezi huu bwana huyo ametuma ujumbe, anaomba atajwe katika tangazo hili la kumbukumbu miongoni mwa wanaokukumbuka. Hatumtaji. Akukumbuke kimyakimya huko aliko, ajifunze kusubiri zamu. Helmeti aliirudisha, imeoshwa vizuri, ndani ya mfuko wa duka.

Mimi mkeo niliuficha ubao wako nyuma ya kabati. Kitinda mimba wako, mpekuzi kama wewe, akaugundua. Jumamosi iliyopita niliamka nikakuta kabati limesogezwa na ubao haupo. Nilikimbia mpaka mwambani, nimejiandaa kumfedhehesha mbele za watu. Nikamkuta amekaa juu ya mawe, helmeti yako kichwani, kamba ya ubao mguuni, anatazama maji. Bwana wa Ubao wa Njano alikuwa humo ndani, amerudi tena, anampungia mkono.

"Njoo, binti! Moja tu!"

"Jiwe limeshatoka, anko. Na wewe toka. Baba haruhusu."

Haruhusu, alisema, kana kwamba upo umesimama nyuma yake. Akafungua kamba, akaubeba ubao, akageuka akaniona. "Mama, mbona umevaa ndala tofauti?"

Nililia njia nzima, na si kwa huzuni. Mtoto wa miaka kumi na sita ameweza kusema neno lililokushinda wewe siku moja tu, na hilo neno ulimfundisha wewe. Ubao umerudi nyumbani mkavu. Sijauficha tena, umesimama sebuleni, kando ya kiti chako.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo. Watoto wako wote watatu. Kaka yako, anayesema angekubali kununa mwaka mzima. Na mama mkwe wako, ambaye sasa asingekata simu. Ni hao tu.

Tutakukumbuka siku zote, Fundi. Kukusamehe, tupe muda.