Winchi Iliyokataa Kuvuta

Jumatatu, 17 Februari
Batri nzima. Volti kumi na mbili na nusu. Nimepima mara tatu, kama mtu asiyejua kusoma. Wateja wawili wamekuja, nimewarudisha. Siwezi kugusa gari la mtu mwingine kabla sijajua.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Winchi ya jeep hii niliifunga mimi, waya kwa waya. Wiki tatu zilizopita, kwenye barabara ya Kasumbalesa, mume wangu Kalenga alikwenda kuvuta pikap iliyozama matopeni. Winchi ikakataa. Akaenda nyuma ya pikap kusukuma na wenzake. Pikap ikateleza, ikamrudia, ikamponda.

Ni mikono yangu au si mikono yangu?

Jumanne, 18 Februari
Fyuzi nzima. Relé, swichi inayopeleka umeme kwenye mota, nzima: nikibonyeza inalia tak. Mota haizunguki. Mvua imenifukuza saa nane.

Yaya Ilunga, kaka mkubwa wa Kalenga, amepita. Nimempa kiti, amekikataa. Amesimama pale mlangoni.

"Mama Nadège, ile treuil ulifunga njo iliua mwenzetu. Dimanche famille itaikala, utatuambia."

Yaani winchi yangu imeua, na Jumapili nijibu mbele ya familia. Nilitaka kumtukana. Nimeshindwa, kwa sababu nami nafikiri hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Februari
Sikufanya kazi. Nilitaka kufua shati la kazi la Kalenga. Bado lina harufu ya dizeli. Nimelirudisha msumarini bila kulilowesha.

Alhamisi, 20 Februari
Nimefungua viungo vyangu vyote vya waya chanya, kutoka batri hadi relé, kutoka relé hadi mota. Lehemu safi. Shaba inang'aa. Hakuna kutu hata punje.

Imebaki masse tu, waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Masse hakuna anayeishuku. Ni nati moja kwenye shasi, basi.

Ijumaa, 21 Februari
Nimechukua kebo ya kuwashia magari. Ncha moja kwenye hasi ya batri, ncha nyingine kwenye mwili wa mota. Nikabonyeza. Imezunguka. Nikaitoa kebo, kimya. Nikairudisha, imezunguka.

Nimefungua nati ya masse. Chini yake kuna rangi. Nyeusi, nene, laini. Umeme haupiti kwenye rangi.

Nimeelewa papo hapo. Mamu, mama yake Kalenga, ndiye aliyeomba jeep ipelekwe parokiani ikabarikiwe. Kalenga akasema hampelekei padri gari lenye kutu. Jumamosi ile akaishusha winchi, akapaka bampa, akapaka shasi yote ya mbele, akarudisha kila nati juu ya rangi. Jumapili padri akainyunyizia maji ya baraka. Watu wakaisifu. Jumanne Kalenga akafa.

Kwa hiyo si viungo vyangu. Nilidhani nikijua hivyo nitapumua. Nimekaa chini kwenye oili nikamkasirikia. Mpumbavu wangu. Umeishi miaka kumi na sita na fundi umeme, hujui masse inataka chuma kitupu?

Halafu nikakumbuka. Aliniita nikaone. Nilikuwa nasonga bukari. Nilitoka na mwiko mkononi, nikaizunguka jeep, nikamwambia imependeza. Mimi, fundi umeme. Nati zote zilikuwa nyeusi mbele ya macho yangu, nikasema imependeza nikarudi jikoni.

Jumamosi, 22 Februari
Nimekwangua rangi hadi chuma. Nimekaza. Winchi inavuta vizuri sana. Naichukia.

Jumapili, 23 Februari
Familia imekaa baada ya misa. Nimewaambia yote. Rangi, nati, na vile nilivyotoka jikoni nikasifu. Ningeweza kuificha ile sehemu ya mwisho. Hakuna aliyekuwepo siku ile ila sisi wawili.

Yaya Ilunga amesema "Bon", akachukua kofia yake, akatoka. Sijui kama amenisamehe. Sijui kama alikuwa na cha kusamehe.

Mamu amenishika mkono.

"Miye njo nilimuambia apeleke motokari kwa padiri."

Nimempa maji, hakunywa.

Wengine wameondoka, yeye amebaki. Mchana huu amejilaza kitandani kwetu, upande wa Kalenga, na viatu vyake. Nimemvua viatu. Nimelala kando yake.