Mwalimu Katika Klabu ya Mikakati

Jumanne, 4 Februari
Klabu ya mikakati ya biashara tena leo, kampasi ya Bungoma, ninakosoma jioni nikitoka kufundisha. Tuliketi wawili wawili kufanya mazoezi ya mahojiano ya kazi. Mmoja anajifanya bosi wa kampuni, mwingine anajibu. Swali: kampuni ya maziwa inapoteza wateja, ishike njia gani? Niliongea sana. Kijana niliyepangiwa akaitikia kwa kichwa tu.
"Sawa kabisa, Mwalimu."
Wote husema hivyo. Wao kwa wao wanakosoana mpaka wanakasirikiana. Mimi naheshimiwa. Nina miaka arobaini na mmoja na hakuna anayethubutu kuniambia nimekosea.
Nimerudi nyumbani Bumula. Nyumba kimya. Watoto wako shule ya bweni. Baba yao alishaoa kwingine, huko Naitiri.

Alhamisi, 13 Februari
Mwenyekiti wa klabu alituletea mwanachama wa zamani. Siku hizi yuko idara ya mikakati, kampuni moja ya mbegu huko Kitale. Wanatafuta mtu mmoja. Klabu itapeleka majina mawili. Baada ya mkutano vijana walimzunguka, soda mkononi. Nilisimama dirishani. Sikujua niingilie wapi.
Naitaka hii kazi. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Februari
Nilipangiwa Cheptoo, msichana wa Kitale, mdogo kuliko wote. Nilipomaliza kujibu alikuna kichwa.
"Mwalimu, niseme ukweli?"
"Sema."
"Si unafundisha tu, bana. Hujibu swali. Mtu akikuuliza, chagua njia kwanza. Sababu zifuate."
Nilimchukia.

Jumanne, 18 Februari
Sikuenda.

Alhamisi, 20 Februari
Nilienda. Nilimwomba Cheptoo tufanye mazoezi pamoja kila wiki. Akakiri aliogopa, ati nitamchapa. Tulicheka hadi wengine wakageuka kutuangalia. Ni kitambo sijacheka na mtu.

Jumapili, 2 Machi
Cheptoo alikuja Bumula. Nilichinja kuku. Alichukua wasifu wangu wa kurasa tatu, akaukata ukabaki ukurasa mmoja. Iliniuma, lakini ni kweli uliobaki ndio mimi. Ananiita Anti sasa.
Majina yametoka. Mimi na yeye. Tumekubaliana, atakayekosa amfurahie mwenzake. Ni rahisi kuahidi ukiwa umeshiba.

Ijumaa, 14 Machi
Kitale. Mahojiano. Waliniuliza: wakulima wa mlimani wako mbali, kampuni iwafungulie duka au itumie mawakala? Mawakala, nikasema. Sababu mbili. Nikanyamaza.
Cheptoo aliingia baada yangu. Alitoka macho mekundu.
"Nimechanganyikiwa, Anti. Nilibadilisha jibu mara mbili."
Nilimshika bega. Moyoni nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliweka hilo.

Jumatano, 26 Machi
Nimepata. Nilimpigia Cheptoo kabla hata sijawaambia wanangu.
"Hongera, Mwalimu."
Mwalimu. Akakata simu.

Jumatatu, 7 Aprili
Siku ya kwanza kazini. Idara ina watu wanne, kila mtu na kompyuta yake, hakuna kelele. Nimezoea watoto hamsini. Chakula cha mchana nilikula peke yangu.
Klabu wameweka picha yangu kwenye kundi la simu. Hongera tele. Mwenyekiti anataka nirudi Bungoma niwaeleze wanachama nilivyofaulu. Nitawaambia nini? Kwamba mmoja tu alinisaidia? Cheptoo ameshatoka kwenye kundi.
Chumba nilichopanga hapa Kitale kina kitanda na kiti kimoja. Sijanunua cha pili.

Jumapili, 13 Aprili
Baada ya kanisa nilikwenda kwao Cheptoo. Si mbali na ninapokaa. Vyuo vimefungwa, nilijua amekuja nyumbani. Mama yake alinipokea vizuri, akapangusa kiti.
"Cheptoo hayuko. Ametoka asubuhi."
Mtu akakohoa chumba cha ndani. Nimekaa na Cheptoo wiki nyingi, kikohozi chake nakijua. Mama naye alisikia. Aliangalia sakafu, kisha akanimiminia chai.
Tuliongea juu ya mvua. Imechelewa, lakini watu wameshapanda. Nilikunywa chai yote, sikuharakisha. Kisha nikasimama, nikaaga kwa sauti kubwa, ili Cheptoo asikie kule ndani.